Pipa Lenye Tundu

Kwenye yadi yangu ya plastiki chakavu pale mtaa wa Picha ya Ndege, sheria ni moja: pipa lililobeba dawa za kiwandani linatobolewa kitako siku hiyo hiyo linapoletwa. Pipa lenye tundu halishiki maji, na lisiloshika maji halimdhuru mtu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, tena kwa majivuno, maana mimi Adventina sipendi kazi ya kubahatisha.

Kwa hiyo rafiki yangu Biasha wa Mzenga aliponiomba pipa bovu la kuku wake kutagia, nilimpa moja la bluu kati ya hayo yaliyotobolewa, bila kujiuliza mara mbili. Mwezi uliofuata akaniletea trei mbili za mayai kwa shukrani. Mwanangu Blessing akawa anakula mawili kila asubuhi.

Jumamosi iliyopita, saa mbili asubuhi, Biasha akanipigia kunikumbusha arobaini ya baba yake. Alikuwa na furaha. Alisema safari hii maji hayamsumbui, pipa langu limejaa pomoni. Mumewe Zaidi ameziba lile tundu kwa kandambili iliyoyeyushwa, na watu wakishaswali adhuhuri watakula na kunywa. Kabla sijamwambia ayamwage, simu ikakatika. Nilipiga tena na tena, haipatikani.

Kandambili! Nimezaliwa nchi hii, nimekulia hapa, nimeona ndoo na mabeseni yakizibwa kwa kandambili tangu utoto wangu, halafu nikajidanganya kwamba tundu litamzuia mtu mwenye shida ya maji. Nilikuwa mjinga, wala sina neno jingine la kujiita.

Nikachukua bodaboda ya Lusajo, jirani yangu, nikamwambia akimbize hadi Mzenga. Tulipoiacha lami Mlandizi mvua ilikuwa imeiharibu njia, na kila alipopunguza mwendo nilimgonga bega. Kichwani nilikuwa nawaona wazee wa msikitini, watoto wa madrasa, kila mmoja na kikombe mkononi. Nilianza Salamu Maria mara kadhaa na sikuimaliza hata moja.

Tulifika watu wakitoka kuswali. Wanawake walikuwa wanapakua pilau. Nilipita katikati yao bila hodi, bila hata shikamoo kwa wakubwa, hadi nyuma ya nyumba. Pipa lilikuwa tupu.

Nikamshika Biasha mabega, nikamuuliza nani amekunywa.

Akasema hakuna aliyekunywa. Asubuhi, simu ilipokatika tu, kandambili ilibanduka, maji yote yakamwagika kabla hawajachota hata kata moja. Pilau ilipikwa kwa maji ya kuazima kwa jirani. Na mumewe Zaidi alikuwa amechuchumaa palepale kwenye tope, anayeyusha kandambili ya pili, nene kuliko ya kwanza.

Nililia bila kuona haya. Kisha nikaomba panga, nikalikatakata lile pipa mbele ya wageni huku nikieleza lilikuwa limebeba nini. Zaidi alijaribu kunizuia, akisema ni hasara, mpaka alipoelewa. Biasha alinisikiliza. Alikuwa anawatazama kuku wake.

"Mama Blessing," alisema, "kuku wametagia humo mwezi mzima kabla hatujaliziba. Yale mayai mliyala?"

Nikaweka panga chini, nikatoa simu. Nilipotoka nyumbani asubuhi ile, Blessing alikuwa mezani anamenya yai la pili. Simu haikuwa na mtandao. Nikainyanyua juu ya kichwa, nikaanza kutembea kuelekea barabarani.