Mate Kwenye Gundi

"Ulitema mate?" Loretta aliuliza tena. "Kwenye gundi ya kigae changu?"

"Kidogo tu, bosi. Gundi ikipata unyevu inashika haraka. Wazee walionifundisha kazi wote walifanya hivyo."

"Inashika juu, Wendell! Ndani inabaki dhaifu."

"Usinifokee kama mwanao. Ulitaka kibandikwe kabla ya chakula cha mchana, nikakibandika. Kivute, uone kama kitatoka."

Hapo ndipo palipomuuma. Ni yeye mwenyewe aliyemharakisha Wendell.

Kigae kile cha kukinga chombo dhidi ya joto alikihangaikia miaka sita. Kilishinda kila tanuru walilokitia, lakini tanuru si anga. Kesho asubuhi roketi ingeruka kutoka pwani ya Virginia na kukiachia huko juu chombo kidogo kisicho na mtu, kirudi duniani kikiwaka moto, vigae vya majaribio vikiwa vimebandikwa puani. Kigae chake kisiporuka safari hii, mradi unafungwa. Na gundi mpya isingekauka kufikia kesho.

Alikishika, akakivuta. Hakikutikisika. Afadhali kingetoka.

"Umeona?" Wendell akasema. "Kimeng'ang'ania kama kaa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe tu. Mimi sisemi."

Loretta akatazama nyuma ya kigae chake. Palikuwa na vigae viwili vyeupe vya wanafunzi wa Ohio, waliokuwa nje wakipigana picha kando ya uzio. Chake kikibanduka katika moto ule, kitavipiga vya kwao na kuving'oa. Halafu watu watakaa mezani waseme vigae vya watoto wale havifai, wala hakuna atakayejua kuhusu mate.

"Kinaweza kushika," Wendell akasema, sauti imeshuka.

"Kinaweza. Nipe waya wa kukatia."

"Loretta, subiri. Mradi wako—"

"Najua mradi wangu. Waya."

Wendell akampa. Loretta akaupitisha chini ya kigae, akaukereza huku na huku. Gundi ilikatika kwa shida upande mmoja, upande wa pili ikaachia kama jibini. Kigae kikamwangukia kiganjani, chepesi kama mkate mkavu. Akakiweka sakafuni bila kukitazama.

"Leta kifuniko cha chuma, tuzibe pengo lake," akasema. "Na skrubu zote nne. Nakaza mwenyewe."

Wendell akaleta. Loretta akaanza kukaza.