Miaka Mitatu ya Mereani Naulu

Picha yenyewe haikuwa na kosa. Mereani Naulu alipendeza kwenye picha ile, mvi zake zimechanwa zikasimama kama taji, na ua jekundu sikioni. Kilichomchefua ni maneno yaliyoandikwa chini yake: "Alifundisha kemia katika chuo hiki kwa miaka thelathini na minne bila kukatizwa."

Akayasoma mara ya pili, asije akalaumu watu kwa kosa la miwani.

"Bila kukatizwa," akasema kwa sauti. "Nani kaandika upuuzi huu?"

Ilikuwa siku ya kikao, na mvua ya Suva, mji wa visiwani, ilikuwa inanyesha kwa ule uvivu wake, bila haraka na bila nia ya kukatika. Halmashauri ya wastaafu wa chuo ilikutana katika ukumbi mpya waliopewa nyuma ya maktaba. Ukuta mmoja ulitengwa kwa ajili ya picha za wajumbe pamoja na maelezo mafupi ya kazi zao, asili zao na walikotoka. Ofisi ya habari ya chuo ndiyo iliyoyaandika, na siku ile wajumbe walikuja kuyaona kabla hayajapigiliwa misumari.

Wajumbe wenyewe walibaki wanne. Wengine walichukuliwa na mauti, wengine na watoto wao walioko Sydney na Auckland. Kulikuwa na Hari Sharan, mwalimu wa hisabati, mjukuu wa wakata miwa wa mashamba ya Ba, mtu mkimya ambaye hata salamu aliitoa kana kwamba anaipima kwanza. Kulikuwa na Kelera, mkutubi mkuu wa zamani. Kijiji chake na kijiji cha kina Mereani ni watani tangu enzi za mizimu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kumtukana Mereani mbele za watu, na ruhusa hiyo hakuiacha ilale. Halafu kulikuwa na mwenyekiti, Profesa Apenisa Waqairoro, aliyestaafu akiwa naibu mkuu wa chuo, shemasi kanisani, mwenye sauti nzito iliyofanya hata tangazo la chai lisikike kama zaburi.

"Ofisi ya habari wameandika, dada yangu," Apenisa akajibu. "Wamefupisha tu. Nafasi ni ndogo."

"Nafasi ni ndogo lakini uongo umeenea vizuri."

"Mtazame," Kelera akadakia. "Watu wa kijiji chenu hata mkisifiwa mnanung'unika. Ndiyo maana mababu zetu waliwaachia upande wenye mbu."

Siku nyingine Mereani angemrudishia papo hapo. Siku ile hakumsikia. Alikuwa amehamia kwenye picha ya mwenyekiti, na pale chini akasoma: "Mlinzi asiyeyumba wa ubora wa mitihani."

Akageuka polepole.

"Apenisa," akasema, na hakumwita Profesa. "Haya nayo ni ofisi ya habari?"

Mzee yule akaanza kufuta miwani yake.

Hapo ni lazima turudi nyuma kidogo. Wakati Mereani akiwa mwalimu kijana, alimfelisha mwanafunzi mmoja wa mwaka wa mwisho, mtoto wa waziri. Hakumwonea. Kijana alijibu swali moja katika sita, na hilo moja alikosea. Apenisa wakati huo alikuwa mkuu wa kitivo. Alimwita Mereani ofisini, akafunga mlango, akamwambia: "Simu imetoka juu. Mpe alama za kumvusha, yaishe." Mereani akakataa. Akaitwa tena, akakataa tena. Matokeo yalipobandikwa, kijana alikuwa amefaulu, na mwezi uliofuata Mereani akaambiwa kwamba chuo kinapunguza wafanyakazi. Idara nzima ilipunguziwa mtu mmoja tu, naye ni yeye.

Miaka mitatu aliuza magimbi na majani yake katika soko la Suva. Kaka yake Viliame alikuwa akichimba kijijini, yeye akiuza mjini, jioni akifundisha watoto wa watu chini ya taa ya sebuleni. Mume wake alikuwa amefariki, watoto walikuwa wawili, na watu waliokuwa wakimwita Daktari walianza kumpigia mluzi ili awapunguzie bei ya fungu. Uongozi wa chuo ulipobadilika ndipo aliporudishwa, bila maelezo, kama mwavuli uliosahauliwa kwenye kiti. Yule kijana aliyevushwa sasa anauza magari Brisbane, na inasemekana anayauza vizuri.

"Nataka miaka yangu mitatu," Mereani akasema. "Iandikwe. Nilifukuzwa, na nilifukuzwa kwa sababu gani."

"Dada Mereani, hayo ni ya kale," Apenisa akasema kwa upole wa shemasi. "Tumezeeka. Watu watakuja kufungua ukumbi, kutakuwa na wageni. Tukianza kufukua makaburi—"

"Kaburi gani? Mimi niko hai! Ningekuwa kaburini ningekuwa nakusumbua?"

Hari Sharan akakohoa. "Mimi naona," akasema taratibu, "kama ya dada Mereani hayatakuwa ya kweli, na yangu msiyapigilie."

"Na yangu," Kelera akasema. Utani ulikuwa umemtoka usoni. "Huyu nimtukane mimi. Wengine hamna ruhusa."

Kikao kikavunjika bila hata sala ya kufunga, jambo ambalo halijawahi kutokea chini ya Apenisa.

Jumamosi iliyofuata Mereani alikuwa jikoni akikuna nazi. Viliame alikuwa amekuja mjini kwa daktari wa macho, amejilaza kwenye mkeka sebuleni. Gari likasimama nje. Akashuka Apenisa akiwa amevaa sulu yake ya kanisani, ile shuka rasmi ya kiunoni, pamoja na mzee mmoja wa ukoo wake. Mzee yule alikuwa amebeba kitu kilichofunikwa kwa kitambaa, na Mereani alikijua kabla hakijafunuliwa. Ni tabua, jino la nyangumi, la kimanjano na zito, lenye kamba iliyosukwa. Kwa watu wao hakuna neno kubwa zaidi ya hilo. Ukilipokea umesamehe, na ukishasamehe husemi tena. Na kulikataa ni jambo ambalo watu hulisimulia mpaka kwa wajukuu.

Wageni wakaketi chini, wakakunja miguu. Mzee yule akalishika jino kwa mikono miwili, akasema maneno marefu ya unyenyekevu, kwamba wamekuja wakiwa wadogo, kwamba damu ni moja, kwamba yaliyopita yafunikwe. Wala hakuelekeza maneno kwa Mereani. Aliyaelekeza kwa Viliame, kwa sababu ndiye mwanamume mkubwa wa nyumba, na mkono wa kupokea ulikuwa wake.

Mereani alisimama kwenye mlango wa jikoni, maji ya nazi yakimchuruzika vidoleni. Damu ilikuwa inamchemka. Alikuwa ameona hesabu yote kwa mara moja: mtu huyu hakuja kwa sababu moyo ulimchoma, alikuja ili ukuta upigiliwe misumari. Lakini kwa desturi yao kaka na dada waliokwisha kukua hawajibizani, wala dada hamkatizi kaka yake mbele ya wageni. Maisha yake yote hakuwahi kumpinga Viliame. Na Viliame alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa amani, fundi mstaafu wa kiwanda cha sukari ambaye hata kuku alimwomba radhi kabla ya kumchinja. Angepokea. Mereani aliuma meno akasubiri kuibiwa mara ya pili.

Viliame alilitazama lile jino. Hakunyoosha mkono.

"Magimbi aliyouza dada yangu," akasema, "niliyachimba mimi. Siku moja nilikuwa pale sokoni, nimeketi nyuma ya magunia. Profesa, ulikuja. Ulichukua fungu moja, ukaweka pesa, ukaondoka. Hukumtazama usoni."

Apenisa aliinamisha kichwa.

"Ulimvunjia heshima mbele ya chuo kizima," Viliame akaendelea, sauti ileile ya chini. "Leo unakuja kuomba radhi ambapo wa kukusikia ni mimi na paka. Rudi nalo. Penye kuvunjika ndipo pa kuungia."

Yule mzee wa ukoo akabaki na mikono hewani, hajui pa kuiweka. Mereani naye alisahau nazi mkononi, maji yake yakidondoka. Wageni walipoondoka, kaka yake hakumtazama. Alisema tu, kana kwamba anaongea na ukuta, "Nazi hiyo inaishia sakafuni," akajilaza tena.

Mkutano mkuu wa wastaafu ulifanyika wiki mbili baadaye. Ukumbi ulijaa: walimu wa zamani, makarani, mafundi wa maabara, wapishi wa bweni, kila mtu na shati lake la maua. Mkuu wa chuo wa sasa alikaa mstari wa mbele. Apenisa alifungua kwa sala, akasoma taarifa ya mwaka, kisha akaiweka chini, akashika meza.

"Kabla hatujaendelea," akasema, "nina jambo. Nilipokuwa mkuu wa kitivo, yalifanyika maamuzi magumu. Kama kuna mtu yeyote aliyeumizwa na maamuzi hayo, basi ninasikitika."

Watu wachache wakaanza kupiga makofi. Mereani akasimama.

"Kama?"

Makofi yakafa.

"Kama kuna mtu? Apenisa, mimi nina jina. Nimekaa na wewe kwenye meza moja miaka mitano, nakupakulia keki. Ondoa hiyo 'kama'."

"Dada Mereani, hapa si mahali—"

"Hapa ndipo. Ondoa 'kama', na uondoe 'yalifanyika'. Hayakujifanya yenyewe kama mvua. Aliyafanya nani?"

Mkuu wa chuo alikuwa anatazama viatu vyake. Sauti iliyomtoka Apenisa haikuwa tena ya zaburi. Ilikuwa ya mzee tu.

"Mereani Naulu alikataa kubadilisha alama," akasema. "Nilizibadilisha mimi. Nikamwondoa kazini mimi."

"Kwa amri ya nani?"

Hili Mereani aliliuliza karibu kwa huruma. Miaka yote aliamini kulikuwa na simu. Alikuwa amemchukia waziri yule mpaka waziri akafa, na siku ya mazishi yake alizima redio. Alikuwa anamfungulia Apenisa mlango ili apitie humo: aseme alilazimishwa, aseme alikuwa na watoto, kama wote.

Apenisa akatikisa kichwa.

"Hakuna simu iliyopigwa. Waziri hakuniambia kitu. Sidhani hata alijua mtoto wake amefeli. Niliogopa kwamba angepiga."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mereani alibaki amesimama, mkono kwenye kiti cha mbele yake. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na kwa ukweli aliokuwa akiujua. Kwa huu hakuwa amejiandaa. Miaka mitatu, mluzi sokoni, mwanawe mkubwa aliyeacha shule muhula mzima kwa kukosa ada, yote hayo kwa simu ambayo haikupigwa.

"Bora ungeniambia aliyekutuma ni mtu mkubwa," akasema hatimaye. "Ningejua nimeangushwa na tembo. Kumbe ni woga wako tu, mwanamume mzima! Hata ombi hukungoja!"

Alitoka. Kelera akamfuata hadi barazani, akamkuta amesimama, mvua ikimlowesha bega moja. Akamsogeza kwenye kivuli cha paa.

"Nimengoja uanguke niseme watu wa kijiji chenu ni dhaifu," Kelera akasema. "Umeninyima."

"Niache, Kelera. Leo nitakupiga kweli."

"Nipige. Lakini kwanza kunywa chai."

Apenisa alijiuzulu uenyekiti siku ileile. Kabla ya kwenda kukaa kwa binti yake mjini Lautoka, alipita ukumbini akakata yale maneno ya mlinzi wa mitihani kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika juu yake jambo alilolifanya, kwa sentensi moja. Ofisi ya habari ililalamika kwamba haipendezi. Hari Sharan, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti, akawajibu kwamba ukuta ni wa wastaafu, na wakitaka kinachopendeza wapande maua. Maelezo ya Mereani yakapigiliwa yakiwa kamili: kemia, soko, kemia.

Watu wa kanisa walimjia. Wakamwambia, mama, mzee wa watu amekiri mbele ya ukumbi mzima, sasa moyo utulie. Akawaambia kanisa limeshasamehe, yeye bado yuko kwenye foleni, na foleni ni ndefu.

Hata hivyo alikuwa akienda ukumbini kila wiki, na hasira yake alikwenda nayo. Siku moja alikuta mwanamke mmoja amesimama mbele ya ule ukuta, aliyewahi kuwa fundi wa maabara ya fizikia, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikuwa ameyasoma yale ya Mereani hadi mwisho.

"Dokta," akasema, "kumbe haya yanaweza kuandikwa?"

Mereani akamtazama.

"Wewe walikufanyia nini?"

Mwanamke yule akacheka kidogo, cheko la aibu, akaangalia mlangoni kama kuna mtu anayesikiliza.

"Ni hadithi ndefu."

"Hata wewe!" Mereani akasema, na hasira ikampanda upya kama maji ya chungu. Akavuta viti viwili akavipanga chini ya picha. "Keti. Nitajie kwanza jina la aliyekufanyia."