Ukurasa wa Mwisho wa Mzee Musyimi

Fahima, mchapaji, alikuwa amelipamba jina la marehemu kwenye kijitabu cha mazishi kwa alama za kunukuu, kisha akayavika alama hizo hizo maneno ya Kiingereza yaliyomwita baba mpendwa. Mwalimu Mumbua aliinamia skrini, akakunja uso.

"Hizo toa, Fahima. Mtu akisoma hivyo atafikiri hakuwa baba yetu kweli, tunamwita tu."

"Ai, mwalimu, mimi naona zinapendeza," Fahima alijibu huku akizifuta. "Hapa Mwingi nawawekea wote, na hakuna mtu ameteta."

Mumbua alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba ubishe hodi kwao. Alikuwa amefundisha Kiingereza miaka na miaka, na katika jambo hili hakuwa na msalie mtume: ndani ya alama zile haliingii ila neno lililotoka kinywani mwa mtu, jinsi lilivyotoka. Wanafunzi wake walilijua hilo kuliko walivyojua majina ya shangazi zao.

Ndolo, mdogo wake, alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, kofia mikononi. Alitoka Kambu, anakoziba magurudumu ya malori kando ya barabara kuu, akafika baba yao ameshapelekwa mochari. Kambu si Ulaya. Mumbua alikuwa amejiambia maneno hayo mara nyingi, na kila mara yalimwachia uchungu mdomoni.

"Dada," Ndolo alisema, "ukurasa wa mwisho una nafasi. Weka hapo maneno ya baba. Andika alisema, 'Ndolo namwachia baraka zangu.'"

"Alikuambia hivyo?"

"Si angeniambia, kama ningekuwepo?"

"Maneno ambayo hakuyasema siwezi kuyaandika kama yake."

Ndolo aliizungusha kofia. "Kwani hakunitaja hata kidogo?"

"Hakukuachia ujumbe," Mumbua alisema.

"Sawa. Basi acha." Akainuka, akatoka kusimama barazani, mgongo kwao, akitazama mbuzi wakipakiwa kwenye lori.

Mumbua hakuwa amesema uongo, lakini aliona haya. Wivu ukikosa nguo huazima joho la haki. Ni yeye aliyemgeuza mzee kitandani, aliyemwosha, aliyempulizia uji upoe. Na kila alipoingia na kikombe, mzee aliyafumbua macho yake yaliyokwisha nuru, akauliza, "Ndolo, umekuja?" Kila siku ni Ndolo. Aliyekuwapo hakuonekana, na asiyekuwapo ndiye aliyejaa chumba kizima. Lilimuuma, na lilikuwa linamuuma bado. Lakini sasa aliutazama mgongo wa mdogo wake pale barazani, mabega yameshuka, akamhurumia. Kile alichokuwa amekishikilia hakikuwa chake.

"Nipishe kidogo," alimwambia Fahima.

Akaketi, akaandika mstari mmoja katikati ya ukurasa mtupu, akaufunga kwa alama mbili huku na mbili huku.

Fahima alichungulia. "Kwa Kikamba, mwalimu? Na kijitabu chote ni Kiingereza?"

"Ndivyo alivyosema."

Kisha akamwita Ndolo. Ndolo alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, akarudia tena.

"Hii umenitungia, dada. Umenionea huruma."

"Zitazame hizo alama. Umewahi kuniona nikizichezea?"

"Aliniuliza mimi?"

"Kila nilipompelekea uji. Macho yalikuwa yamekwisha. Alidhani ni wewe unaingia."

Fahima alianza kupangusa kibodi kwa pindo la mtandio, ingawa haikuwa na vumbi. Ndolo aliigusa skrini kwa kidole.

"Na wewe ulikuwa unamjibu nini?"

Hilo Mumbua hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama yao.

"Mwanzoni nilimwambia, 'Ni Mumbua, baba.' Anafunga mdomo, anageukia ukuta, uji unapoa." Akainamia skrini. "Baadaye nikawa namjibu, 'Nimekuja, baba.'"

Ndolo alimtazama.

"Alikuwa anakunywa wote," Mumbua alisema.