Gumba ni Gumba

Fundi cherehani alipokatwa kidole gumba cha kulia na msumeno wa umeme akitengeneza meza yake ya kazi, majirani walimletea pole na methali: kidole kimoja hakivunji chawa. Mkewe aliwasindikiza hadi mlangoni bila kuwaaga. Nani kawaambia mumewe anataka kuvunja chawa? Alitaka kushika sindano, na bila gumba haishikiki.

Daktari bingwa wa upasuaji, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, akaja na lake. Atatoa gumba la mguu alipandikize mkononi, na mishipa ya damu ataiunga chini ya darubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

"La mguu?" mke akaruka. "Jamani, Daktari!"

"Mama, gumba ni gumba," Fundi akasema kitandani. "Wahenga waliyapa jina moja, walijua iko siku yatafaana."

Upasuaji ulikula siku nzima. Gumba likatoka lina joto na damu inapita, mke akatamba wodi nzima. Kulipokucha likawa la zambarau. Damu ilikuwa inaingia, haitoki.

Daktari alilibonyeza. "Mshono mmoja umebana," akasema. "Kosa langu. Tunarudi chumba cha upasuaji. Nafumua, nashona upya."

"Mmeniharibia mume!" mke akalia.

"Nyamaza, mke wangu." Fundi alikuwa anatabasamu, na jasho la hofu limemjaa usoni. "Fundi wa ovyo hukwambia, 'Vaa tu, itajiachia.' Huyu kasema anafumua. Huyu ni fundi."

Akasukumwa ndani, na mkewe akabaki ameukodolea macho ule mlango.

Sasa gumba lile nene, fupi, lina kucha pana isiyofanana na za wenzake, na Fundi anachechemea kidogo. Mkewe halifichi hata chembe. Mteja akilitazama kwa wizi, humwambia, "Tazama vizuri, dada. La mguu hilo!"

Juzi daktari alikuja kuchukua koti jeupe aliloshonewa. Akalivaa mbele ya kioo, akainua bega.

"Zuri sana. Linabana kwapani kidogo tu, lakini si neno, nitalivaa hivyo hivyo."

"Nani kasema?" Fundi akamvua koti. Akabana wembe kati ya gumba la mguu na kidole cha shahada, akautafuta uzi wa kwapa. "Kaa, Daktari. Nafumua."