Sekunde Arobaini na Moja

Jumamosi saa tisa alasiri, ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti sitini vya plastiki na watu sitini na watatu. Mtangazaji alikaa mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa cha kijani, pamoja na mtengenezaji filamu wa kujitegemea ambaye viatu vyake vilikuwa bado na tope la kazini. Wote wawili walikuwa wameshughulikia kisa kimoja: binti aliyetoka nyumbani asubuhi kwenda kazini kwenye kiwanda cha sabuni, miaka minne iliyopita, asifike wala asirudi. Mtangazaji alikisimulia kwenye podikasti yake kwa vipindi sita. Mwenzake alikitengenezea filamu ya dakika hamsini. Sasa ilikuwa zamu ya watazamaji kuuliza.

Mtengenezaji filamu aliulizwa kwa nini mvua inanyesha kwenye filamu yake ilhali siku ile kulikuwa na jua kali. Akasema mvua ilijileta yenyewe na yeye hakuwa na ubavu wa kuirudisha. Watu wakacheka. Mtangazaji aliulizwa anatumia kinasa sauti gani, na kama haogopi kukaa peke yake na mambo kama hayo. Akajibu vizuri. Alikuwa na sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na alilijua hilo.

Ndipo mwanamume mwenye kofia, safu ya pili, akapewa maikrofoni.

"Mimi nauliza kuhusu yule mama mzazi. Kila akiulizwa, sijui, sijui, papo kwa papo! Hata kufikiri hafikiri. Huyo si ana lake jambo?"

Vichwa vingi vilitikisika kukubali. Mtangazaji alikuwa na jibu lake tayari, alilolitumia katika kumbi kumi na moja: "Mimi naweka ushahidi mezani. Msikilizaji ndiye anayeamua."

Ukweli aliujua fika. Siku ya mahojiano, yule mama alinyamaza kirefu kabla ya kila jibu. Mtangazaji akarudi kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa shangazi yake, penye mablanketi yaliyogongomewa ukutani, akavikata vile vimya, kwa sababu msikilizaji wa siku hizi ukimnyamazia sekunde tatu anadhani simu imezimika. Vilidondoka chini ya meza, kama kawaida ya vimya vikikatwa. Vilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Vifupi vilinasa kwenye ufagio, virefu vilitaka mikono miwili. Shangazi alilalamika tu kwamba vikivuja hadi jikoni hasikii birika likichemka, basi akanunua kiroba cha kuvitilia.

Nyuma ya ukumbi akasimama mwanamke mwenye utepe wa kupimia nguo shingoni. Mtangazaji alimtambua. Alikuwa Mama Fundi, mshonaji, mama yake yule binti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sina swali refu. Tangu kipindi chako kitoke, wateja wamenihama. Jirani ananisalimia huku anatazama pembeni. Kukata sikulaumu, hata mimi nakata. Lakini sisi mafundi, mteja akifuata nguo yake tunampa na vipande vilivyobaki. Ni vyake. Vyangu viko wapi?"

Mtangazaji angeweza kusema alivitupa, na hakuna ambaye angejua. Neno lilishafika mdomoni. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuunguza masikio.

"Viko nyumbani, mama. Vyote."

"Basi nasubiri."

Ukumbi mzima ukasubiri. Mtangazaji alipiga simu, na baada ya robo saa Shangazi akaingia na kiroba begani, anahema.

"Nilikwambia mwenyewe atavifuata," alisema, akatafuta pa kukaa.

Mama Fundi alivimwaga mezani akaanza kuvichambua kwa vidole, haraka, bila kuuliza. Hiki cha swali la viatu alivyovaa. Hiki cha swali la simu. Katikati kilikuwemo kimoja kigumu kama tofali, ambacho hakikuwa chake. Kilikuwa cha mkuu wa kituo cha polisi, siku alipoulizwa kwa nini faili lilifungwa baada ya wiki mbili. Mtengenezaji filamu alijaribu kukifungua kwa bisibisi. Kikagoma, kikawekwa sakafuni.

Kirefu kuliko vyote kilikuwa cha sekunde arobaini na moja. Mama Fundi alikikunjua, kikafika hadi safu ya nne. Mwenye kofia alirudisha mguu asikikanyage.

"Uliza tena," Mama Fundi alimwambia Mtangazaji.

Mtangazaji akauliza kama siku ile: "Unadhani nani alimfuata mwanao?"

Kimya kikawachukua wote. Ndani yake walisikia cherehani ikisimama na mkasi ukiwekwa mezani. Pumzi iliingia ikakwama. Geti la jirani likalia, na nguo za mtu zikachakarika kwa kugeuka upesi kutazama mlangoni, kisha zikachakarika tena, taratibu, akirudi kukaa kama alivyokuwa. Ndipo neno likaja.

"Sijui."

Mwenye kofia alivua kofia.

"Nisamehe, mama. Hiyo siyo niliyoisikia mimi."

"Ulisikia uliyopewa," alisema Mama Fundi.

Mtangazaji alilia mbele ya watu wote, maikrofoni ikiwa wazi.

Wiki ile alivirudisha vimya vyote vya Mama Fundi mahali pake. Vipindi vikarefuka kwa dakika ishirini na sita. Wasikilizaji kadhaa waliandika kulalamika kwamba simu zao zimeharibika. Wengine walisikiliza hadi mwisho, na mmoja mmoja wakaanza kurudi kwa Mama Fundi, wa kwanza akiwa mwenye kofia, na suruali ya kupunguzwa. Mkuu wa kituo alitumiwa kimya chake kwa posta, kikarudishwa kama kilivyokwenda. Alipandishwa cheo mwezi huohuo. Faili halikufunguliwa, na binti hakurudi.

Alhamisi moja asubuhi Mtangazaji alikwenda kwa Mama Fundi na kinasa sauti. Alikuwa ameyapitia tena maswali yake ya zamani, akagundua yote yalihusu siku moja tu, ile ya kupotea. Akakaa kwenye stuli.

"Mama, mwanao anachekaje?"

Alijiweka sawa kusubiri. Swali lilikuwa halijamaliza kutoka, jibu likaja.

"Yule! Yule anacheka kama amepaliwa na maji! Anaziba mdomo, kicheko kinatokea puani, halafu anakulaumu wewe uliyemchekesha. Siku moja kanisani..."

Mikono ya Mama Fundi ilikuwa hewani, inaiga. Betri ya kinasa sauti ikaisha. Mtangazaji aliiona, akaiacha, akasogeza stuli karibu, na Mama Fundi akaendelea.