Kabati la Umemetuli

Kila asubuhi kabla ya kengele, mwalimu mkuu alilifuta kabati la vioo lililokuwa ofisini kwake, akitumia mkono wa sweta lake la sufu. Ndani mlikuwa na vifaa vya umemetuli, ule umeme unaozaliwa kwa kusugua vitu: vijiti vya plastiki, vitambaa vya kusugulia na vigololi viwili vyepesi vilivyoning'inia kwa uzi. Havikuwahi kuguswa. Wanafunzi walichorewa ubaoni, na chaki ikiisha walisimuliwa.

Kwa kusugua kioo miaka yote hiyo, mtu mzima na akili zake, mwalimu mkuu alijaa chaji. Karatasi zilitoka mezani zikamganda kifuani, na ufunguo wa kabati ulimnata shingoni bila kamba. Walimu walizoea. Akipita, walikandamiza madaftari kwa viganja na kuendelea kusahihisha.

Sindano, msichana wa kidato cha nne aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, alikwenda kuomba ufunguo. Mtihani wa vitendo ulikuwa umekaribia, na bila fizikia chuo cha uuguzi angekisikia redioni tu.

"Shikamoo, mwalimu. Tunaomba tuvishike hata mara moja."

"Marahaba. Mvishike mvivunje? Mkaguzi akija nimwonyeshe nini, meno yangu?"

Mkaguzi alikuja kesho yake. Naye alikuwa na chaji, ya kusugua kiti cha ofisini kwa makalio mwaka hadi mwaka, na ilikuwa ya aina nyingine. Walivutana tangu mlangoni, wakagandana tumbo kwa tumbo, na ukaguzi ukaendelea hivyo hivyo. Madarasa waliyazungukia kiubavuubavu. Chai walinyweshana. Sindano ndiye aliyewafungulia milango, maana mikono yao ilikuwa na kazi ya kupongezana migongoni.

"Vifaa vyenu vinang'aa," alisema mkaguzi, akichungulia juu ya bega la mwenyeji wake.

"Tunavitunza, mheshimiwa."

Siku ya mtihani kabati halikufunguliwa. Mwalimu mkuu alisema ufunguo umegoma kubanduka. Swali lilitaka mtahiniwa aeleze alichokiona vitu viwili vyenye chaji tofauti vilipokaribiana. Sindano alieleza alichokiona: matumbo, chai, na walimu waliovuta huku na huku mpaka jioni kuwabandua. Hakutia chumvi. Alipewa sifuri.

Alipokuja kuchukua matokeo, mwalimu mkuu alikuwa anafuta kioo, cheti cha utunzaji bora wa vifaa kimemganda kifuani.

"Ungesoma kwa bidii," alimwambia bila kugeuka.

Karatasi ya matokeo ikamponyoka msichana, ikaenda kumnata mwalimu mkuu mgongoni. Aliendelea kufuta.