Faili Moja, Shingo Mbili

Kwanza niseme kuhusu hasira yangu, maana watu wa saluni wameshanichoka. Zamani nilikuwa na hasira ya kawaida, ile ya mzaliwa wa kwanza kati ya saba. Kisha tezi ya shingo ikaanza kufanya kazi kupita kiasi, rovu likachomoza chini ya koo, na hasira ikapata mbio zake yenyewe. Moyo unanidunda nimekaa tu. Jasho linanitoka hata Julai, wakati wa baridi. Nikigombana na mtu sijui tena kama anayegombana ni mimi Estella au ni tezi.

Mikono ndiyo iliyoniumiza zaidi. Ninasuka nywele katikati ya mji wa Durban, ghorofani, juu ya maduka ya simu ya Wakongo wenzangu, na msusi anayetetemeka mikono hana kazi ila kufagia. Wanjiku, Mkenya anayefundisha wauguzi chuoni, ndiye mteja pekee aliyekuwa bado anakaa kwenye kiti changu bila kuikodolea macho mikono yangu kwenye kioo.

"Sasa wamekupa njia gani?" aliniuliza Jumamosi moja ya Februari, nikiwa nimemaliza nusu ya kichwa chake.

Nikamweleza. Vidonge nimemeza mwaka mmoja na nusu. Kila wakijaribu kuvipunguza, ugonjwa unarudi. Zimebaki njia mbili. Kisu, waitoe tezi yote, lakini mishipa ya sauti inapita hapo hapo nyuma yake, na mimi ndiye ninayeanzisha nyimbo kanisani. Au dawa ya mionzi: unaimeza mara moja, inaiunguza tezi polepole, na kwa siku kadhaa unakaa mbali na watoto na wajawazito. Zote mbili, mwisho wake ni kumeza kidonge kingine kila asubuhi mpaka kufa.

"Meza mionzi," akasema Wanjiku. "Kidonge cha kila asubuhi si adhabu. Mimi cha presha huu mwaka wa sita."

"Wewe presha umepewa na wanafunzi. Mimi nimepewa na nani?"

Tukacheka, lakini nilikuwa nimeshaamua. Mionzi. Randevu, siku niliyopangiwa hospitalini, ilikuwa Jumatano, na nilikuwa nimeingoja miezi tisa. Waliniambia niache vidonge siku tano kabla, kopo nalo likawa limekwisha, kwa hiyo siku hizo nilikuwa natetemeka kuliko wakati wowote.

Kuna jambo sikumwambia Wanjiku. Faili langu hospitalini halikuwa na jina langu. Nilipoanza kuugua, karatasi yangu ya ukimbizi ilikuwa imekwisha muda. Nilituma maombi ya kuifanya upya kwa mtandao, hakuna aliyejibu, na dirishani hospitalini walinirudisha mara mbili. Mdogo wangu Laetitia alikuwa na karatasi nzima. Tunafanana macho na paji la uso. Akanipa. Kwetu sisi wa makaratasi hilo si ajabu: huyu anaazima ya kufungulia benki, yule ya kusajili laini ya simu. Basi hospitalini mimi nikawa Laetitia, na nikazoea kuitika.

Laetitia mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi mitano, baada ya mbili zilizotoka. Nilimwonya asikanyage hospitali yangu. Akaenda kliniki ndogo, karibu na fleti tunayokaa pamoja mtaa wa Umbilo, mimi na yeye na mume wake Glody. Nikaona tumemaliza.

Jumatano daktari alifungua kompyuta yake. Ni dada wa Kihindi, mdogo kuliko mimi, anaongea Kiingereza cha taratibu ili nimfuate. Akasoma, akaacha kutabasamu.

"Laetitia, hukuniambia una mimba."

"Sina mimba, daktari."

"Kliniki ya kwenu imeandika wiki ishirini na mbili. Mionzi haiwezekani kabisa, itaharibu tezi ya mtoto." Akasoma zaidi chini kwenye kioo cha kompyuta. "Na wameona ugonjwa wako humu, wakaanza kukupa vidonge vya tezi. Wiki kumi sasa. Kwani unameza vya huku na vya huko?"

Namba ya karatasi ni moja. Walipoiandika kule kliniki, shingo yangu ikatokea mbele yao kwa jina la mdogo wangu. Nilimwambia daktari nasikia kizunguzungu, naomba nitoke kidogo. Sikurudi.

Njiani nilikuwa nimefura, na nisijisafishe, haikuwa kwa ajili ya mtoto. Niliikasirikia miezi yangu tisa ya kungoja. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia Laetitia, na yalikuwa mabaya.

Nilimkuta amelala kwenye kiti, saa tano ya asubuhi, amejifunika blanketi katika joto lile. Kwa wiki kadhaa nilikuwa namtania kwamba mimba imemgeuza bibi kizee: uso umevimba, sauti imekuwa nzito, anatembea kama anavuta gunia. Mbele ya Glody nilimwita mvivu. Sasa nikasimama mlangoni nikimwangalia, na ndipo nikaelewa. Tezi yangu inakimbia, yake imezimwa.

"Laetitia. Vidonge viko wapi?"

Hakuuliza vidonge gani. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa mfuko wa kliniki. Makopo mawili matupu, la tatu limefika nusu.

"Uliwaambia ni vyako?"

"Sikusema kitu, yaya," akajibu, kama wadogo wanavyotuita sisi wakubwa kule kwetu. "Nesi alisoma kwenye kompyuta, akanipa maji, akasimama pale pale. Nikameza kimoja mbele yake."

"Kimoja. Na hivi vingine?"

"Walisema watapima damu. Nikawaza, wakikuta dawa haimo watajua tuko watu wawili. Watafunga faili, na randevu yako imekaribia." Akajifuta uso na blanketi. "Tena nesi alisema mama mwenye ugonjwa huo lazima ameze, ili mtoto akae salama."

"Lakini wewe huna ugonjwa huo."

"Najua, yaya."

Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumbeba mgongoni kama nilivyombeba akiwa mtoto, vyote kwa pamoja.

Glody alipokuja kula, tulimweleza. Akafikiri haraka, ni mtu wa biashara ya simu. "Aache leo hii, tuvitupe, tusiseme. Wewe kesho rudi, sema kliniki wamekosea. Wakikupima mkojo wataona huna mimba. Unapata mionzi yako, kila mtu yuko sawa, sharp."

Nilimsikiliza. Aibu yangu ni hiyo, nilimsikiliza mpaka mwisho. Ingewezekana. Ningepimwa, ningepewa, na mikono yangu ingerudi. Laetitia alikuwa ananitazama huku akiitikia kwa kichwa, na kama ningemwomba ameze vingine kumi, angeitikia vile vile.

Nikampigia Wanjiku, nikamwaga yote.

"Vidonge aache sasa hivi," akasema. "Lakini dawa hiyo inapita kwa mama inaingia kwa mtoto, Estella. Tezi ya mtoto inaweza kuvimba tumboni, ikambana koo siku ya kuzaliwa. Anahitaji kupigwa picha, na apigwe na daktari anayejua anatafuta nini. Asiyeambiwa hataangalia shingoni."

"Na mimi?"

"Wewe, sijui."

Nilimchukia kwa jibu hilo. Angeweza kunidanganya kidogo.

Kesho yake tulikwenda wawili. Nilianza kusema kabla sijakaa, nikiogopa nikikaa nitabadilisha maneno. "Daktari, Laetitia ni huyu. Mimi naitwa Estella. Ugonjwa ni wangu, mimba ni yake, na vidonge vyangu amevimeza yeye."

Daktari alituangalia, mmoja kisha mwingine, macho na paji la uso. Hakupiga kelele. Aliuliza tarehe ya kidonge cha kwanza, na vingapi kwa siku, akaandika, akamshika Laetitia mkono wakaingia chumba cha picha. Mimi nilibaki kwenye benchi. Niliomba Mungu kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na katika maombi yote sikujitaja.

Walikaa muda mrefu. Laetitia alipotoka alikuwa bado anajifuta yale mafuta ya baridi tumboni.

"Tezi ya mtoto imevimba," daktari akasema. "Si sana. Dawa ikiachwa, mara nyingi hunywea. Mara nyingi, si mara zote. Nitamwona kila wiki."

Laetitia akanishika mkono. Wake wa baridi, wangu umelowa jasho.

"Na mimi, daktari?"

"Nafasi yako ya mionzi ilikuwa kwa jina lake. Nimeifuta, lazima. Hata vidonge siwezi kukuandikia kwenye faili la mtu mwingine." Akanitazama shingo, kisha mikono. "Umekaa bila dawa siku ngapi?"

"Leo ya saba."

Akakunja uso. Akaniandikia barua fupi ya kupeleka dirishani, wasinirudishe. "Fungua faili lako, kisha upande huku juu kwangu leo hii nikupe vidonge. Lakini foleni ya mionzi utaianza mwanzo."

Nilimwacha Laetitia kwenye benchi, nikamfunika kanga yangu mabegani, nikashuka. Karani wa dirishani alisoma barua, akaigeuza karatasi yangu iliyokwisha muda, akaigeuza tena. Kisha akaandika jina langu kwenye kompyuta, herufi moja moja, akangoja.

Nikawaza damu yote niliyotoa kwenye jengo lile, na picha za shingo, na asubuhi nilizoitika nikisikia Laetitia. Vyote viko humo ndani, na kuanzia leo lazima vifutwe, ili siku mdogo wangu atakapojifungua mtu asije akasoma shingo yangu akamtibu yeye.

"Humu haumo," karani akasema. "Hujawahi kutibiwa hapa?"

"Hapana," nikamwambia. "Mimi ni mgonjwa mpya."